Mbio, Vyuma na Milima ya Bukavu: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Mafuta Bila Kumaliza Misuli

Jumamosi, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, simama Place de l'Indépendance utawaona wakipita makundi kwa makundi kuelekea Nyawera: vijana wa kwaya, mapapa wa ofisini, mama na binti yake wamevaa jezi za aina moja. Wengi wamejifunga koti la plastiki hadi shingoni, jasho linawatiririka. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na kilo 94, nikajiapiza kwamba nitafanya futingi mpaka tumbo liishe. Nilikimbia siku 6 kwa wiki, miezi 5 mfululizo. Mizani ikashuka hadi 83. Lakini nikivua shati tumbo bado lipo, dogo, laini, limening'inia. Kilichokwisha ni mabega, mapaja na mashavu. Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Kabare, alinishika mkono juu ya kiwiko, akauminya, akaniuliza: "Mwanangu, unaumwa nini?"

Alichokiminya hakikuwa mafuta, kilikuwa mahali ambapo misuli ilikuwapo. Nilikuwa nimepungua uzito, lakini sehemu kubwa ya nilichopoteza ni kile nilichopaswa kukilinda. Tangu hapo nilibadilisha mpango wangu wote, na nimeufuata pamoja na ndugu na majirani wanaokuja kufanya mazoezi uani kwetu Muhungu. Ninauandika hapa hatua kwa hatua.

Shina lake ni hili. Unapopunguza mafuta, chakula ndicho kinachopunguza, vyuma, yaani kunyanyua uzito, ndivyo vinavyolinda misuli, mbio zinasaidia. Wengi wetu tunafuata mpango huo kichwa chini: mbio kwanza, vyuma kama nguvu ikibaki, chakula hakiguswi. Tena mtu wa Bukavu ana jambo lake la pekee. Mji wenyewe unakupandisha mlima kila siku. Toka Cimpunda ushuke mjini kwa miguu halafu urudi jioni, umekwisha kufanya kardio, mazoezi ya moyo na pumzi, hata kama hukuvaa raba. Kinachotukosa huku ni uzito mikononi.

Kabla hujaanza

Kama una presha, maumivu ya kifua, unazimia au kukosa pumzi kwa kazi ndogo, muone daktari kwanza. Mwenye kisukari anayetumia dawa asipunguze chakula wala asiongeze mazoezi bila kuzungumza na anayemtibu, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla. Mama mjamzito au anayenyonyesha, huu si wakati wa kupunguza mafuta kwa makusudi. Wakati upo, utafika.

Mafuta yanakwenda wapi

Kilo 1 ya mafuta ya mwilini imebeba karibu kalori 7,700. Ukila pungufu ya mahitaji yako kwa kalori 500 kila siku, kwa wiki umefikisha 3,500, yaani karibu nusu kilo ya mafuta. Hayo mafuta hayatoki kwa jasho. Watafiti walipofuata hesabu ya kemia yake, walionyesha kwamba kati ya kilo 10 za mafuta yanayochomwa, kilo 8.4 hutoka puani na mdomoni kama hewa ya kaboni unayoipumua, na 1.6 iliyobaki hutoka kama maji. Kwa hiyo lile koti la plastiki linakausha maji tu. Ukinywa vikombe vikubwa viwili vitatu, kilo imerudi mahali pake. Livue, ndugu yangu. Linakupasha joto hatari na halikupi chochote.

Sasa weka mbio kwenye mizani hiyo hiyo. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 1 anatumia karibu kalori 80. Kilomita 5 ni 400. Chupa moja kubwa ya bia, ile ya sentilita 72, ni karibu 300. Vijiko vikubwa vitatu vya mafuta ya mawese ni karibu 360. Unaona jinsi saa nzima ya kupanda na kushuka inavyoweza kufutwa mezani kwa dakika kumi, tena bila mtu kushiba.

Na kwa nini mbio nyingi zinakula misuli? Mwili wenye njaa hutafuta cha kupunguza. Usipoupa sababu ya kutunza misuli, utaiona kama mzigo unaokula bure. Kunyanyua kitu kizito ndiyo sababu hiyo: ni taarifa kwamba misuli hii bado ina kazi. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa vyuma, alichapisha jaribio la wiki 10. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu tu, jingine mbio na baiskeli tu, la tatu lilifanya yote kwa pamoja. Kundi la tatu liliongezeka nguvu vizuri kwa wiki kama saba, kisha likasimama, na wiki za mwisho nguvu ikaanza kushuka. Lakini usiogope kupita kiasi: watu hao walikuwa wakifanya vyuma siku 5 na kardio nzito siku 6 kwa wiki. Kardio ya siku mbili tatu kwa kiasi haikuharibii kitu. Aliyefanya kosa ni mimi wa zile siku 6, tumbo tupu.

Hatua ya kwanza: pima vitu vitatu

Uzito, kiuno na nguvu. Uzito peke yake utakudanganya, kama ulivyonidanganya mimi.

Jipime asubuhi, baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, siku tatu kwa wiki, halafu chukua wastani. Kama huna mizani nyumbani, tumia moja ileile kila mara, ya duka la dawa au ya kituo cha afya, siku ileile na saa ileile. Kiuno kipime kwa utepe wa fundi cherehani, usawa wa kitovu, pumzi umeitoa kawaida, tumbo hukulivuta. Kipimo rahisi cha kulenga: kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 170, kiuno kishuke chini ya 85. Nguvu ipime kwa idadi: unapiga mapompe (wengine huita pushapu) mangapi bila mgongo kulegea? Unachuchumaa mara ngapi na bidoni, yaani dumu la maji, kifuani? Andika kwenye daftari, na daftari likae pamoja na viatu vya mazoezi.

Wiki ya kwanza uzito unaweza kushuka kilo mbili. Usishangilie bado. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushika karibu gramu 3 za maji. Ukipunguza bugali, maji hayo hutoka kwanza. Baada ya hapo lenga kupoteza nusu hadi asilimia 1 ya uzito wako kwa wiki: mwenye kilo 80, gramu 400 hadi 800. Anayekwenda kasi kuliko hapo kwa wiki nyingi anaanza kulipa kwa misuli.

Hatua ya pili: chakula, bila kuacha bugali

Mtu wa huku akiambiwa aache bugali ataiacha siku nne, ya tano atakula na zile alizoruka. Usiache. Ipunguze iwe ya kiasi cha ngumi yako moja na nusu, na nafasi iliyobaki kwenye sahani uijaze lengalenga (mchicha), kabichi au sombe (majani ya muhogo). Kisha fungua macho upande wa mafuta.

Dada mmoja jirani yangu alikuwa akiniapia kwamba hali kitu na bado hapungui. Jumapili moja nikasimama naye jikoni. Sombe imechemka, chupa ya mawese iko mkononi, nikamwomba kabla hajamimina apitishe kwanza kwenye kijiko kikubwa, moja kwa moja, tuhesabu. Vijiko 11 kwa sufuria ya watu wanne. Ni zaidi ya kalori 300 kwa kila sahani, juu ya bugali, juu ya sombe yenyewe. Aliweka chupa chini, akaniambia: "Yaya, mimi nilidhani nakula mboga." Hatukubadilisha kitu kingine chochote mwezi ule. Vijiko 4 kwa sufuria, basi. Kiuno chake kikaanza kusogea.

Jambo la pili ni protini, chakula kinachojenga mwili. Unapokula pungufu unaihitaji zaidi ya siku za kawaida: gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito ni lengo zuri, na ukifika 1.2 tayari umefanya jambo kubwa. Mwenye unene mwingi apige hesabu kwa uzito anaoulenga, si ule alionao. Anayelenga kilo 70 atafute gramu 84 hadi 112 kwa siku.

Najua utakachosema: nyama ni ghali. Ni kweli, na ndiyo maana sikutaja nyama. Sisi tuna sambaza. Samaki hao waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni protini bora iliyo karibu na mlango wetu. Robo kilo ya sambaza wabichi inakupa karibu gramu 40. Wachemshe na nyanya na kitunguu, au wakaange kwa kijiko kimoja. Wakizama kwenye mafuta wanageuka kitu kingine. Sahani nzuri ya maharage yaliyoiva, gramu 300 hivi, ina karibu 25. Yai moja lina 6. Uji wa sosoma, unga wa mtama, soya na mahindi, unashinda uji wa mahindi matupu kwa sababu ya hiyo soya. Karanga ni nzuri lakini kiganja kimoja kinatosha, kwani zina mafuta mengi. Na kama una uchaguzi, bugali ya mahindi au ya mchanganyiko ina protini kuliko ya muhogo mtupu: unga wa mahindi una karibu gramu 8 kwa kila 100, wa muhogo hata 2 ni shida.

Siku moja inaweza kuwa hivi: asubuhi uji wa sosoma na mayai mawili, mchana bugali, maharage, lengalenga, jioni sambaza na mboga, bugali kidogo, karanga kiganja katikati. Hapo umekaribia gramu 100. Bia na kasiksi (pombe ya ndizi) sitazihubiri, ila zihesabu kama chakula, kwa sababu mwili unazihesabu.

Hatua ya tatu: vyuma, hata kama ni bidoni

Hii ndiyo nguzo, kwa hiyo tukae nayo. Siku tatu kwa wiki, kati ya siku na siku upumzike: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Dakika 45 zinatosha. Kama unaweza kulipa jimu, vema, nenda. Kama huwezi, bidoni ya lita 20 ni chuma kamili. Lita 1 ya maji ni kilo 1, ikiwa imejaa una kama kilo 21. Tafuta pia mbili za lita 5. Ukizijaza mchanga mkavu badala ya maji, kila moja inafika karibu kilo 8.

Siri moja ya bidoni: isipojaa, maji hutembea ndani na kukuvuta upande. Kwa anayeanza na lita 10, heri mchanga wa kilo 10 ambao hauyumbi sana, au bidoni ndogo iliyojaa mpaka mdomoni. Na mpini wa plastiki unakata vidole. Uzungushie kitambaa cha zamani.

Mazoezi ni sita, yanagusa mwili wote.

La kwanza ni kuchuchumaa. Ikumbatie bidoni kifuani kama mtoto aliyelala, miguu upana wa mabega, shuka mpaka mapaja yalale sambamba na ardhi, kisigino kisiinuke, kisha panda. Magoti yaelekee vidole vya miguu vinakoelekea.

La pili ni kuinua kutoka chini, na hapa ndipo watu wanapoumiza mgongo, kwa hiyo soma polepole. Bidoni iwe katikati ya nyayo zako, si mbele yake. Sukuma makalio nyuma, kama mtu anayefungua mlango kwa makalio kwa sababu mikono imebeba mizigo. Magoti yakunjike kidogo tu. Mgongo unyooke kama ubao. Muombe mtu akulaze ufito mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mgongo na makalio, na usiachane hata sehemu moja wakati unainama. Shika mpini, kaza tumbo kama unayesubiri ngumi, sukuma ardhi kwa miguu. Utausikia mzigo nyuma ya mapaja. Ukiusikia kiunoni, weka chini, anza upya na uzito mdogo.

La tatu ni mapompe. Asiyeweza sakafuni aanzie ukutani, kisha kwenye benchi, kisha sakafuni. Anayepiga 20 bila shida avae begi lenye mchanga. La nne ni kuvuta: mkono mmoja juu ya kiti, mgongo sambamba na ardhi, mkono mwingine unavuta bidoni hadi ubavuni. La tano ni kupandisha zile bidoni za lita 5 juu ya kichwa. La sita ni kubeba: bidoni moja kila mkono, mabega chini, tembea mita 30 au 40 bila kuyumba. Hili la mwisho linakaza tumbo kuliko kuinuka-inuka sakafuni mara mia. Na tukiwa hapo: hakuna zoezi la tumbo linaloondoa mafuta ya tumbo. Mwili unachota mafuta unakotaka wenyewe, na kwa wanaume wengi tumbo ndilo la mwisho.

Kila zoezi seti 3, kila seti mara 8 hadi 12, pumziko dakika 2. Simama ukiwa bado unaweza kurudia mara mbili hivi. Ukifikisha 12 kwa seti zote tatu, ongeza uzito kidogo: chupa moja ya lita na nusu ya maji au mchanga ndani ya bidoni. Usipoongeza, baada ya mwezi mwili umezoea na taarifa imekwisha.

Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kuanza kupunguza chakula, kisha anashusha uzito na kufanya marudio 40 au 50 "ili kuchoma". Hapana. Uzito uliokujengea misuli ndio utakaoilinda. Unapokula pungufu, punguza idadi ya seti kama umechoka, si uzito.

Mama na dada wengi hunishika pembeni wakiuliza kama watatoka mabega ya mwanaume. Mwanamke ana homoni ya kujenga misuli kidogo sana kulinganishwa na mwanaume, na anakula pungufu juu yake. Atakachopata ni mwili uliokaza na nguo zinazokaa vizuri. Yule dada wa vijiko 11 sasa anachuchumaa na bidoni iliyojaa, na hakuna aliyemwita kaka.

Wapo pia wamama wanaobeba mizigo kwa mgongo, kamba imekaza kipajini, wakipanda na magunia kutoka ziwani. Mtu asije akaniambia hao wanafanya mazoezi. Zoezi ni mzigo unaouchagua, unaouongeza taratibu, kisha ukala na kulala. Wao hawana hata kimoja kati ya hivyo. Kama kazi yako ni ya namna hiyo, huhitaji siku tatu za vyuma. Fanya mapompe na kuvuta mara moja kwa wiki, na nguvu zako zote ziende kwenye chakula cha kutosha.

Hatua ya nne: kardio, ukihesabu na mlima

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kawaida kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Kabla hujaongeza kitu, hesabu unachofanya tayari. Chukua wiki moja uandike kila safari ya miguu na dakika zake. Mwalimu mmoja rafiki yangu wa Kadutu aligundua anapanda dakika 50 kila siku ya kazi. Ni dakika 250 kwa wiki! Huyo sikumwongezea futingi hata moja. Tulimpa vyuma.

Anayepanda teksi-moto kila siku, aanze na vipindi 2 vya dakika 30 kwa wiki, afike 3 vya dakika 40. Kasi ni hii: uweze kuzungumza sentensi nzima, lakini usiweze kuimba. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na barabara zake zina mwinuko mkali, kwa hiyo mwenye uzito mkubwa kutembea kwa haraka kupanda kunatosha kumfikisha kwenye kasi hiyo. Hana haja ya kukimbia, na magoti yake yatamshukuru.

Kwa aliyekwisha kuzoea mwezi mzima, kipindi kimoja kwa wiki kiwe cha mlima mkali: chagua mpando wenye udongo mzuri, usio na magari, panda kwa nguvu sekunde 20 hadi 30, shuka ukitembea, rudia mara 6. Kimoja tu. Na jihadhari na kushuka. Kupanda kunachosha moyo. Kushuka mbio ndiko kunakopasua nyuzi za misuli ya mapaja, na maumivu yake huja kesho au keshokutwa. Ukishuka kwa kasi Jumapili, Jumatatu hutachuchumaa vizuri. Shuka kama mtu asiye na haraka.

Mvua ikinyesha toka Septemba hadi Mei, njia za udongo ni utelezi mtupu. Siku hizo, na zile ambazo mji umesimama na haifai kutoka, ruka kamba nyumbani au panda na kushuka ngazi ya mlango kwa dakika 20. Hakuna zoezi la thamani ya kutembea gizani mahali pasipo salama.

Hatua ya tano: kupanga wiki

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa vyuma. Jumanne na Jumamosi kardio, na Jumamosi ndiyo ya kundi na nyimbo, usiiache, furaha yake ina kazi. Alhamisi tembea tu. Jumapili ibada, familia, kupumzika.

Kama nafasi yako ni siku tatu tu, fanya vyote siku moja, lakini vyuma vitangulie, mbio zifuate dakika 20 au 25. Ukianza na mbio utafika kwenye bidoni miguu imelegea, utainua kidogo na vibaya. Ukiweza kuvitenganisha, vyuma asubuhi na kutembea jioni, acha pengo la saa 6 hivi. Kipindi cha mlima mkali kikae siku isiyo ya vyuma.

Usingizi hausamehewi. Jaribio lililofanyika Chicago na kutoka mwaka 2010 liliwalisha watu pungufu kwa siku 14, mara moja wakipewa saa 8.5 za kulala, mara nyingine 5.5. Uzito uliopotea ulikaribiana. Lakini waliponyimwa usingizi walipoteza mafuta kidogo na misuli mingi zaidi. Usiku wa simu mpaka saa saba unaharibu kazi ya asubuhi.

Hatua ya sita: kusoma daftari na kurekebisha

Kila baada ya wiki mbili kaa na daftari. Kiuno kinashuka na nguvu imesimama au inapanda: usiguse chochote, hata kama mizani inasita. Anayeanza anaweza kupoteza mafuta na kujenga misuli kwa wakati mmoja, na mizani haijui tofauti.

Nguvu inashuka wiki mbili mfululizo: kitu cha kwanza kukatwa ni kardio, toa kipindi kimoja. Kisha angalia protini na usingizi. Ikiendelea, ongeza nusu ngumi ya bugali siku za vyuma. Watu hufanya kinyume, wanaacha vyuma "wapumzike" na kuongeza mbio, na hapo ndipo nilipopotelea mimi.

Kiuno na uzito havisogei wiki tatu: pima mafuta ya kupikia kwa kijiko upya, maana mkono husahau. Kama yako sawa, punguza nusu ngumi ya bugali au ongeza dakika 30 za kutembea mara mbili kwa wiki. Chagua moja. Ukibadilisha yote kwa pamoja hutajua kipi kimefanya kazi, na hutabaki na cha kubadilisha mwezi ujao.

Mwanamke asilinganishe wiki na wiki. Alinganishe mwezi na mwezi, siku ileile ya mzunguko wake, kwa kuwa maji ya mwili hupanda na kushuka kabla ya hedhi.

Baada ya wiki 8 hadi 12, simamisha kupunguza kwa wiki mbili. Kula kiasi cha kukufanya usipande wala usishuke, endelea na vyuma vilevile. Watu watakuambia umekonda, watauliza kama kuna tatizo nyumbani. Mwonyeshe anayeuliza jinsi unavyobeba bidoni mbili mita 40.

Kiuno kikifika unapotaka, rudisha bugali nusu ngumi kila wiki mbili mpaka uzito utulie. Kardio irudi kwenye vipindi viwili na ile Jumamosi ya Nyawera. Siku tatu za vyuma zibaki zote, na ile chupa ya lita na nusu iendelee kumiminwa ndani ya bidoni.